Hamsini na Tisa

Tuliishi Upanga tukafuga bunduki.
Cheka. Mimi nilicheka mwaka mzima wa kwanza.
Jina langu Tatu, nazo zilikuwa tatu,
majirani wakapata la kusema foleni ya maji.

Kasha la chuma lilisimama chumba cha nyuma,
chumba tulichokipaka rangi ya kitoto
na mtoto hakuja.

"Za kivita kwa sura tu," alisema Zomboko.
"Hizi haziropoki. Kidole kimoja, risasi moja.
Zinajipakia zenyewe, ila zinangoja kuambiwa."
Nikamjibu: basi zimekushinda adabu.

Ya kwanza kitako cha mti, kimeng'aa kwa mashavu ya watu wengine.
Ya pili nyeusi tii, nyepesi kama uongo.
Ya tatu aliuziwa na Mgoa aliyekuwa akihama,
ina vistari vinne vya kisu ubavuni.
Hatukuuliza vya nini.

Upepo wa Selanda una chumvi,
hauheshimu chuma cha mtu.
Kwa hiyo kila Ijumaa, akitoka msikitini,
alitandika kanga yangu kuukuu sakafuni
akazifungua kipande kwa kipande,
springi, pini, kijiti cha shaba, tambara.
Kanga iliandikwa NILICHO NACHO KINANITOSHA.
Mafuta yakala maandishi mwaka hadi mwaka,
likabaki NACHO.

Mwisho alizihesabu risasi kwa midomo, bila sauti.
Sitini. Akafunga boksi. Akaomba chai.

Mwaka waliompunguza bandarini
umeme ulikatika usiku, joto likaniamsha.
Upande wake wa kitanda ulikuwa baridi.
Nilimkuta chumba cha nyuma, kasha wazi,
ile ya tatu mapajani kama mwana mwenye homa.
"Nasikiliza kama zinashika kutu," akasema.
Kutu haisikiki, Zomboko.
"Kweli," akasema. "Haisikiki."
Tukarudi kulala. Hakuna aliyelala.

Alfajiri, yeye yuko chooni, nikachukua risasi moja,
nikaitia kwenye droo ya cherehani, katikati ya vifungo.
Akili gani hiyo?
Zimebaki hamsini na tisa, na mtu mmoja.
Lakini usiniulize nilijuaje:
ile ndiyo ilikuwa yake.

Ijumaa iliyofuata nilisimama jikoni, mwiko hewani.
Nikasikia midomo. Nikasikia ikifika hamsini na tisa.
Nikasikia kimya.
Halafu boksi likafungwa.
"Tatu, chai."

Miaka kumi na minne alihesabu hivyo,
hakuniuliza, sikumwambia.
Tuligombana kwa chumvi, kwa shemeji, kwa luku,
kwa hilo hatukugombana.

Amekufa kwa sukari, kitandani, mkono wake kwangu.
Nimekaa eda miezi minne na siku kumi,
na kila Ijumaa nilitandika ile kanga
nikazipaka mafuta mwenyewe, mjane na vyuma vyake,
maana leseni hufa na mtu
lakini kutu haijui msiba.

Leo nimezipeleka kituoni kwa bajaji,
zimeviringishwa mkeka kama maiti za watoto.
Koplo ni kijana, kola imemzidi shingo.
Amezipima, amesoma namba, amelamba kidole,
akafunua daftari la marehemu,
mwandiko wa karani wa bandari, safu zimenyooka.
Zilizonunuliwa: sitini.
Zilizopo: hamsini na tisa.
Na chini yake, kwa wino wa buluu, tarehe ya Ijumaa ile ile:
*Moja anayo Tatu. Aachwe nayo.*

Koplo akakuna kichwa.
"Mama, moja anayo tatu,
hii ni hesabu ya wapi?"

Ni jina, mwanangu, nikamwambia,
nikafungua pindo.